Matembezi ya likizo na familia: siku tuliyomulikiwa kioo kutoka mahameni, chini kule Mnazi

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, na nyie wadogo zangu hamjambo.

Nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja humu anauliza ampeleke wapi mke na watoto likizo hii bila mfuko kutoboka. Mmemjibu Zanzibar. Mmemjibu mbugani. Mmoja kamwambia Dubai, sijui alikuwa anamjibu nani.

Nilitaka kumwandikia kule kule kwamba familia inaweza kutoka nje na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, ikarudi na stori ya maisha. Maneno yakawa mengi, nikaona nifungue uzi wangu.

Ila stori yenyewe si ya kuchekesha sana, naomba mjue mapema. Niliyaona kwa macho haya haya ambayo sasa yanavaa miwani. Sina chaneli, siuzi dawa, sitafuti wafuasi. Atakayesema ni chai, atie sukari anywe taratibu.

Mimi ni Mshambaa wa Mlalo, milimani huko Lushoto. Nimezaliwa Uhuru ukiwa bado mbichi, kwa hiyo wakati wa haya mambo nilikuwa binti wa shule ya msingi, madarasa ya juu juu, na mdogo wangu Mwanaidi ndiyo kwanza ameanza kujua kusoma.

Baba alikuwa mwalimu. Yeye kwao ni Mnazi, kule chini tambarare, Muislamu. Mama ni wa hapo hapo Mlalo, kwao Walutheri wa kukaa benchi la mbele. Wazee wa pande zote walinuna kidogo, wakala pilau ya harusi, yakaisha. Kwetu hayo ni ya kawaida, msianze mjadala wa dini kwenye uzi wangu.

Na kwetu pia ni kawaida ukoo kuwa na mguu mmoja mlimani na mguu mwingine nyikani. Juu kuna maharage na viazi, chini kuna mahindi na joto. Mama yake baba, bibi yetu, alikuwa anaishi kule chini kwenye mji wa babu, yaani nyumba chache za ukoo pamoja na makaburi ya ukoo, chini ya mkwaju mmoja mkubwa ambao ukisimama ukingoni mwa mlima unauona.

Kila likizo ya Desemba tulikuwa tunashuka kwa Bibi.

Sasa ule mwaka mafuta yalikuwa shida nchi nzima. Wenye umri wangu mnakumbuka, Jumapili mchana hata mwenye gari lake haruhusiwi kulitoa. Lile basi la kushuka Mnazi likawa linakuja likijisikia. Tukakaa na vibegi vyetu tunasubiri, basi halionekani.

Baba akasema basi, mwaka huu hatuendi popote. Tutatembea milima yetu wenyewe, tuone kama tunaijua.

Wakuu, ile likizo ilikuwa tamu, sijapata nyingine. Tulioga kwenye maporomoko maji ya baridi mpaka meno yanagongana. Tulikwenda msituni kuangalia mbega wanavyoruka na yale makoti yao meupe. Tulikalia magome ya migomba tukateleza mteremkoni, Mama naye akateleza, gauni la kanisani na yote. Pichesi tulikula mpaka matumbo yakalalamika. Gharama yake ilikuwa chumvi ya kuchovyea viazi.

Kijana uliyeuliza swali, jibu lako ni hilo. Ungeweza kuishia hapa.

Ila kulikuwa na matembezi ya mwisho, ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kabla sijafika huko lazima niwaeleze vitu viwili, vinginevyo mtapotea.

Cha kwanza ni kioo. Baba na mdogo wake walikuwa na mchezo tangu wakiwa wadogo wanachunga mbuzi, mmoja yuko mlimani kwa wajomba na mwingine yuko chini. Wanamulikiana na kioo. Jua likigonga kioo, mtu wa mbali anakiona kama cheche. Mmuliko wa kukatakata maana yake salama, sisi wazima. Mwanga ukitulia pale pale bila kukatika, maana yake njoo. Basi, hakuna lugha nyingine. Bibi naye aliujua mchezo huo, maana ndiye aliyekuwa akiwanyang'anya kioo chake cha kuchania nywele.

Cha pili ni kuhama. Ule ndio mwaka wa vijiji. Serikali ilisema watu waache kukaa nyumba moja huku nyingine kule, wakae pamoja kando ya barabara wapate shule, maji na zahanati. Baba alikuwa muumini wa kweli wa jambo hilo. Ndiye aliyekuwa anasimama mikutanoni kuelezea. Mpaka leo simlaumu, alikuwa anaamini, na shule watu waliipata.

Kule chini Mnazi watu wa mji wa babu nao walihamishwa. Baba Mdogo alituma salamu kupitia mama mmoja anayepandisha mihogo soko la Mlalo. Tumehama wote, mama hajambo, amepata nyumba kijiji kipya. Baba akafurahi, akasema mama yake sasa atakufa karibu na zahanati. Mama akamwambia hiyo si sentensi ya kufurahia.

Haya. Siku hiyo tulitoka asubuhi kwenda ukingoni, upande unaotazama Mnazi. Baba alitaka tumsalimie Bibi kwa kioo kwenye makazi yake mapya, na sisi tukaone nchi kwa chini. Mama alibeba kikapu, mimi nilibeba chupa ya chai, Mwanaidi alibeba maneno yake.

Asubuhi kule juu kulikuwa na ukungu. Tulipita msituni hatuonani vizuri, maji yanadondoka kwenye majani, na Baba mbele anatwambia tufuate sauti yake. Tulipotoka msituni ukungu ukabaki nyuma yetu, na mbele ardhi ikaisha. Chini kule tambarare yote ilikuwa na jua, vichaka, mashamba ya mkonge kwa mbali, na barabara nyembamba.

Baba akatuonyesha kijiji kipya. Kilijulikana, maana nyumba zilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kwetu nyumba hazikai hivyo. Kisha akatuonyesha mkwaju wa babu, mbali kidogo na barabara. "Pale sasa ni mahame," akasema. "Hakuna mtu tena."

Akatoa kioo, akamulika kijijini. Akamulika sana. Hakuna aliyejibu.

"Wako shamba la pamoja," akasema. Tukakaa tukala.

Nakumbuka nilikuwa namenya kiazi. Mwanaidi akasema, "Baba, mbona wanamulika kule?"

Hakuwa anaonyesha kijijini. Alikuwa anaonyesha mkwaju.

Tukatazama wote. Kweli, chini ya mkwaju kulikuwa na cheche inawaka, inazima. Inawaka, inazima.

Mama akasema, "Hicho ni kipande cha chupa."

Baba akasimama. Akainua kioo, akamulika kwa kukatakata. Ile cheche ikajibu kwa kukatakata. Akabadilisha, akamulika kwa mpangilio wake wa ajabu ajabu tu, mrefu, mfupi, akanyamaza, mrefu. Kule chini ikasubiri amalize. Halafu ikarudia vile vile.

Chupa haifanyi hivyo, wakuu.

Halafu mwanga ukatulia. Haukukatika tena. Ukabaki pale pale, mdogo, mweupe, unatutazama.

Baba akakishusha kioo chake taratibu. "Kuna mtu," akasema. "Kuna mtu pale anatuita."

"Umesema wamehama wote," Mama akasema.

"Nimeambiwa wamehama wote."

Wote tulijua anamfikiria nani. Bibi alikuwa mtu wa kuambiwa kaa, akasimama. Kama kuna mtu angerudi kwenye mahame peke yake, ni yeye. Na kama yuko pale anaita njooni, na hakuna jirani hata mmoja aliyebaki, basi kuna jambo, na hakuna mwingine wa kumfikia zaidi yetu.

Baba akataka aende peke yake, sisi turudi nyumbani. Mama akakataa. Alisema ukungu umeziba msituni, na yeye hawezi kuwapitisha watoto mle bila mtu. Nafikiri ukweli ni kwamba hakutaka Baba aende pale peke yake.

Basi tukashuka wote.

Ile njia ya miguu ya kushuka Mnazi ni ya mbuzi na vijana. Unashika mizizi, unakaa chini, unateleza kwa makalio. Kila tulipozidi kushuka joto lilizidi kupanda, na Mwanaidi aliyekuwa haachi kusema alinyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Kila kona tuliyotokeza, tulikuwa tunatazama chini. Mwanga upo. Kona inayofuata, mwanga upo. Mimi nilianza kuuogopa. Nilitamani uzime.

Kuna kitu Mama alikiona katika njia ile, hakukisema mpaka nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu. Aliniambia tukiwa tunachambua maharage. Alisema, wakati tuko katikati ya mlima, wingu lilipita likafunika tambarare yote ya upande ule. Mkwaju ulikuwa kivulini kabisa. Mashamba yote kivulini. Na ule mwanga uliendelea kuwaka.

Mimi sikuligundua hilo siku ile, na namshukuru Mungu.

Tulipofika chini tuliingia vichakani, mwanga ukapotea machoni. Tukafuata njia mpaka kwenye mji wa babu.

Wangapi humu mmeshaingia kwenye mahame mapya? Si yale ya zamani yaliyoota nyasi. Mapya. Nyumba zilikuwa zimesimama kuta tu, nyingi zimeng'olewa milango na paa. Kinu kimelala kwenye mlango wa mtu. Kiatu kimoja cha mtoto. Kuku hakuna, mbwa hakuna, moshi hakuna. Mahali nilipozoea kupigiwa kelele na mashangazi kabla sijafika, nilisikia kandambili zangu mwenyewe.

Baba akasimama ghafla, akanyoosha mkono kutuzuia.

Uwanja wa nyumba ya Bibi ulikuwa umefagiliwa.

Nikisema umefagiliwa namaanisha umefagiliwa asubuhi ile. Mistari ya ufagio ilikuwa mipya, imepinda vizuri, hakuna jani hata moja la mkwaju juu yake, na mkwaju mnaujua unavyomwaga vijani. Na juu ya ile mistari hapakuwa na unyayo. Wa mtu, wa kuku, wa chochote.

Baba akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena.

Ndani ikatoka sauti ya Bibi, ndogo, lakini yake. "Mwiza?" Yaani, mmekuja?

Hakuuliza kwa mshangao. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa tunakuja.

Tulimkuta amelala kwenye mkeka karibu na mafiga. Paa la nyumba yake lilikuwa limetolewa upande mmoja. Alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, mguu umekaa vibaya. Midomo yake haikuwa imekauka. Pembeni ya mkono wake kulikuwa na mtungi wa maji, umefunikwa kata juu, umejaa.

Mimi nililia. Mama alipiga magoti akaanza kumpangusa uso kwa kanga. Baba alikuwa anauliza maswali kama yuko darasani, umeanguka lini, nani amekuleta, mdogo wangu anajua?

Bibi alisema ameanguka tangu juzi. Amekuja peke yake kwa miguu. Alimwambia Baba Mdogo kwamba anakwenda kumtembelea mdogo wake kijiji cha pili, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta.

"Ulifuata nini huku, mama?"

Bibi akamtazama Baba kwa hasira, akiwa amelala vile vile na mfupa wake umevunjika. "Nimekuja kuaga," akasema. "Nyinyi mmeniondoa hapa kama gunia."

Naomba niwaeleze. Kwetu, ukihama mji huondoki kimya kimya. Mkubwa wa nyumba anazunguka makaburini, moja baada ya jingine, anamwaga maji kidogo, anamtaja mwenyewe kwa jina, anasema tunahamia mahali fulani, mkitutafuta tuko huko. Waislamu wanaongeza dua, Wakristo wanaongeza sala, lakini kuaga wanaaga wote. Usipoaga umewatelekeza, umewaacha wanasubiri mlangoni watu ambao hawarudi.

Siku ya kuhama gari lilikuja asubuhi, watu wakaambiwa pandeni. Baba Mdogo ndiye alikuwa mkubwa pale. Aliogopa kuonekana anachelewesha watu kwa mambo ya kizamani, na kaka yake ndiye yule mwalimu anayehutubia mikutanoni. Akapakia vyombo, akampakia na Bibi, wakaondoka. Hakuna aliyeagwa.

Bibi alikaa kijiji kipya hapati usingizi. Mwisho akarudi kuaga mwenyewe. Akateleza mlangoni kwake kabla hajafika hata kaburi la kwanza.

Baba aliinamisha kichwa. Halafu akauliza, "Maji amekuletea nani? Na nani aliyetumulikia?"

"Yule mwanamke," Bibi akasema. "Kwani hamjakutana naye? Ametoka sasa hivi."

Mama akasema taratibu, "Mwanamke gani, mama?"

"Mimi namjua? Amekaa hapo mlangoni muda wote amenipa mgongo. Nilidhani mke wa mtu. Nilimuuliza ni wa nyumba gani, akasema yeye wa hapa hapa. Ananipa maji bila kugeuka. Leo asubuhi akasema, wanao wako mlimani, ngoja niwaite."

Wakuu, nywele zilinisimama, na bado zinanisimama sasa hivi naandika na taa zote za nyumba zimewaka.

Baba akatoka nje kwa kasi. Tukamsikia anazunguka nyumba anaita, nani yupo, nani yupo. Akarudi hajaona mtu. Akasema itabidi akimbie kijijini akamwite Baba Mdogo na vijana wa kubeba machela, maana Bibi hawezi kuinuliwa na mtu mmoja. Sisi tubaki na Bibi.

Mama akamtazama. Baba akamtazama Mama. Kisha akaondoka, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kama Bibi angelala pale usiku mwingine, pengine asingeamka.

Nimepitia mengi maishani, nimezaa, nimezika, lakini kusubiri kule sijakusahau.

Ilikuwa mchana kweupe. Jua linaingia kupitia pale paa lilipotolewa. Bibi amesinzia. Mwanaidi amejificha kwenye kanga ya Mama. Mimi nimekaa natazama mlango, kwa sababu sikuweza kutazama kwingine.

Nyuma ya nyumba nikasikia mtu anafagia.

Ufagio wa njukuti, vile vijiti vya makuti, una sauti yake, kila aliyekua kijijini anaijua. Chwaa. Chwaa. Chwaa. Taratibu, mtu asiye na haraka. Ulikuwa unatokea upande wa makaburini, unasogea.

Nikamtazama Mama nikitumaini hajasikia. Alikuwa amesikia. Akaniwekea kidole mdomoni. Halafu akaanza kuimba wimbo wa kanisani, chini chini, kwa Kishambaa, sauti inatetemeka. Na wakati anaimba, ufagio ukapunguza mwendo. Ukawa unafuata wimbo. Nilijikojolea, nasema bila aibu.

Bibi akafumbua macho, akasema, "Mwacheni afanye kazi yake." Akalala tena.

Sijui ilikuwa muda gani. Tuliposikia sauti za wanaume wanakuja mbio, ufagio ukaacha.

Baba Mdogo aliingia akaanguka miguuni kwa mama yake akalia kama mtoto. Vijana wakatengeneza machela kwa miti na blanketi. Wakamwinua Bibi, akapiga ukelele wa maumivu, wakamtoa nje.

Pale uwanjani akawaambia wasimame.

"Siondoki sijaaga," akasema.

Baba Mdogo akasema, mama, unaumwa, tutakuja kuaga siku nyingine. Bibi akasema siku nyingine ndiyo ile mliyoniambia kwenye gari. Akang'ang'ania fito la machela, na wale vijana wenyewe walianza kutazamana, hakuna aliyetaka kupiga hatua.

Baba akauchukua ule mtungi wa maji. Baba yangu, mwalimu, msema mikutanoni. Akaenda nyuma ya nyumba, na machela ikamfuata, na sisi nyuma.

Makaburi yote yalikuwa yamefagiliwa.

Alianza na baba yake. Akamwaga maji, akamtaja jina, akasema, "Tumehamia kijiji kipya kando ya barabara, mkitutafuta..."

"Usiwadanganye," Bibi akamkatiza. "Mimi huko sirudi kulala nyumba ya mstari. Nakwenda kwako mlimani."

Baba akarekebisha. Akasema mdogo wangu yuko kijijini, mama anakwenda kwangu Mlalo, mkitutafuta tuko huko. Akaenda la pili, akasema. La tatu, akasema. Bibi anamtajia majina asiyoyajua, ya watu waliokufa hata babu hajazaliwa. Sauti ya Baba mwanzoni ilikuwa ya kuona haya. Kufika katikati haikuwa ya kuona haya tena.

Lilibaki moja, pembeni kabisa, limekaa peke yake chini ya kichaka. Kaburi dogo, mawe machache. Ndilo lililofagiliwa kuliko yote, na ufagio wa njukuti ulikuwa umeegemezwa kwenye jiwe lake.

"Hili la nani?" Baba akauliza.

Bibi akalitazama kutoka kwenye machela.

"Silijui," akasema. "Nililikuta nilipoolewa. Walisema ni mwanamke alikuja na njaa zamani hizo, hakuna aliyemjua kwao, akafia hapa. Hata mama mkwe hakujua jina. Mimi nilikuwa namfagilia tu nikifagia wengine. Nilimwonea huruma hana mtu."

Baba Mdogo alishika kichwa. Mama alifanya ishara ya msalaba, na Walutheri wa kwetu hawana mazoea hayo.

Baba alisimama pale na mtungi, hana jina la kutaja. Nilimwona anatafuta maneno, mtu ambaye kazi yake ilikuwa maneno.

Mwisho akachuchumaa, akamwaga maji yote yaliyobaki, akasema:

"Na wewe mama, asante kwa kutuwekea mama yetu."

Tukaondoka. Hakuna aliyegeuka.

Bibi alipona. Alitembea na fimbo, akaishi kwetu Mlalo miaka mingi, akawa anagombana na Mama kuhusu chumvi ya mboga mpaka Mungu alipomchukua. Baba hakuacha kuamini vijiji. Ila tangu siku ile, kila alipotumwa kuzungumza na watu wanaotakiwa kuhama, alikuwa anaomba kwanza wapewe muda wa kuaga. Wakubwa wake hawakupenda. Aliendelea kuomba.

Mama alishikilia ya chupa mpaka uzeeni. Kisha siku ile ya maharage akaniambia lile la wingu.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Wapelekeni watoto nje, wakuu. Si lazima mbali. Wapelekeni pale wazee wenu walipolala, na mbebe ufagio pamoja na hicho kikapu cha viazi. Wakati mnafagia za kwenu, kama kuna kaburi pembeni lisilo na mwenyewe, msiliruke. Dakika moja haiwapunguzii kitu, na hamjui siku gani mama yenu ataanguka peke yake.

Nimemaliza. Walio na asili ya Mnazi, Mng'aro na huko kote chini, mlihama vipi, na mliaga? Wa mikoa mingine kwenu mnaaga namna gani? Tiririkeni, mimi bibi yenu nasoma kila koment.

Na nyie wa kupinga, karibuni pia, nafasi ipo. Semeni kioo kilikuwa chupa, semeni ufagio ulikuwa upepo, nitawasikiliza. Ila mnieleze kwanza bibi yangu, aliyelala siku zile zote na nyonga imevunjika, na mto uko mbali, maji alikuwa anapewa na nani.